Ninatembea, nimeacha chumvi, presha haishuki na nyumbani hakukaliki

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 42, naishi Pasua, Moshi. Ni mtunza fedha katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili wanaosoma, na mama mkwe. Yeye tulimteremsha kutoka Marangu mwaka jana baada ya miguu kuanza kumvimba.

Miezi miwili na nusu iliyopita kichwa kilinisumbua nikaenda kupima. Presha ilikuwa 152/96. Nikarudi baada ya wiki, ikawa 148/94. Daktari akasema haniandikii dawa kwanza, amenipa miezi mitatu nibadilishe ulaji, nifanye mazoezi, nipunguze mawazo, halafu tuangalie tena. Wakati huo nilikuwa na kilo 84.

Nilivyo mimi, jambo nikilishika nimelishika. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, natembea mwendo wa haraka kutoka Pasua, napandisha hadi mnara wa saa na kurudi, siku sita kwa wiki. Nikirudi ni chai, watoto, kujiandaa, na saa mbili niko kazini. Kulala ni saa sita usiku kwa sababu jioni kuna kupika, madaftari ya watoto na nguo. Chumvi nimeitoa kabisa kwenye sufuria. Sukari nimeacha. Asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu. Nimefika kilo 78.

Sasa shida. Mama mkwe anasema chakula changu ni cha wodini. Siku hizi anajipikia mwenyewe makande na kiburu (ndizi na maharage), anaweka magadi ili maharage yaive upesi, watoto wanakimbilia kwake, na sufuria yangu inabaki. Mume wangu anarudi usiku akiwa ameshakula mbuzi choma huko njiani. Juzi aliniuliza, "Hivi unakonda kwa ajili ya nani?" Kwenye jumuiya nimesikia wenzangu wananong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Mume nilimwambia nina presha kidogo tu. Mama mkwe sijamwambia kitu, maana akijua yeye, ukoo mzima umejua.

Ningevumilia yote hayo kama presha ingeshuka. Nimenunua mashine ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, iko kazini, napima saa nne nikiwa hapo kaunta. Wiki hii nimeona 151/95, 147/93, 150/96. Na magoti yameanza kuuma kwa ajili ya huo mteremko wa kurudi, kwa hiyo kila jioni nameza kidonge cha diklofenaki ambacho duka la dawa wamenizoesha.

Zimebaki wiki tatu nirudi kliniki. Nimefikiria kupika sufuria mbili. Nimefikiria kuacha yote, tule kama zamani, nimwombe daktari vidonge basi. Lakini nasikia ukianza vidonge ndiyo hutoki tena. Nifanye nini?

Mama wa Pasua

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole. Kupunguza kilo sita ndani ya wiki kumi, huku unalea, unapika na unahesabu fedha za watu kutwa nzima, si jambo la mzaha. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa fundo moja: kwa nini presha haishuki, na utaishije na watu wako wakati unaitafuta ishuke. Yamekuchanganya kwa sababu unayalipia yote kwa nguvu zilezile. Tuyafungue kila moja peke yake.

Umeshahukumu kwamba juhudi zako hazijafanya kazi. Huenda ni kweli. Lakini ushahidi wako wote unatoka kwenye mashine ya kifundo cha mkono, kaunta, saa nne, wateja wakiwa mbele yako. Mashine ya kifundo husoma sawasawa pale tu mkono unapokuwa usawa wa moyo. Ukiuweka mezani chini ya kifua, namba zinapanda. Kuongea wakati mashine inapima kunaweza kuongeza kama 10 kwenye namba ya juu, na kibofu kilichojaa vilevile. Kama ulikunywa kahawa muda si mrefu, nayo imo. Kwa hiyo hiyo 151 inaweza kuwa 151 kweli, au ikawa 138 iliyobebeshwa mizigo isiyo yake.

Ukiweza, azima au nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mkanda unaoenea mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba. Kisha tenga siku saba. Asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, kahawa au mazoezi, kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa kifua, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Tulia dakika tano. Usiongee, usishike simu. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili hata ile isiyokupendeza. Rudia jioni. Siku ya kwanza iache, zilizobaki zitafutie wastani. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85, si 140/90 ya kliniki, kwa sababu nyumbani mtu huwa ametulia zaidi.

Sasa kidonge cha jioni. Umekitaja kama jambo la pembeni, nami ndicho kilichonishtua kuliko yote. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni na ndugu zake, hufanya figo zishikilie chumvi na maji, na kwa watu wengi presha hupanda. Tazama mzunguko wenyewe: unatembea ili presha ishuke, mteremko unaumiza magoti, magoti yanadai kidonge, kidonge kinaipandisha presha uliyoamkia saa kumi na nusu kuishusha. Mwambie daktari umekitumia kwa muda gani na kwa kiasi gani, kwa sababu kinagusa figo pia, na baadhi ya dawa za presha haziendi nacho vizuri. Maumivu ya magoti yana njia nyingine, kuanzia parasetamoli kwa kipimo chake hadi kuondoa chanzo. Moshi imelala kwenye mteremko wa mlima, ukipandisha asubuhi lazima uteremke, na goti huumia kwenye kuteremka. Tafuta barabara tambarare zinazokata mteremko kutoka mashariki kwenda magharibi. Au panda kwa miguu, shuka kwa bajaji. Hakuna aibu.

Ukiwa huko kliniki, kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vivyo vitaje, maana vile vyenye homoni mbili huweza kupandisha presha. Na mwulize mume wako kama unakoroma sana, au unakatisha pumzi usingizini kisha unashtuka. Mtu hawezi kujisikia mwenyewe.

Hapo tunafika kwenye usingizi. Saa sita mpaka saa kumi na nusu ni saa nne na nusu. Mwili wa mtu mzima unataka kama saa saba, na kulala pungufu ya sita kila siku kunaendana na presha kupanda, njaa kuongezeka na hasira kuwa karibu. Unanunua zoezi kwa kulipa usingizi, na sidhani bei hiyo inakulipa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na halisemi lazima ziwe za alfajiri wala za mfululizo. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea, usiweze kuimba. Ukiteremka kwenye bajaji mapema ukatembea dakika 15 kwenda kazini, na 15 wakati wa kutoka, siku tano, hesabu imetimia bila kugusa godoro lako. Tena ni mchana, watu wapo, mbwa wamefungwa.

Kuna na zoezi la ukutani, ambalo tafiti zimeliona kushusha presha vizuri. Egemea ukuta kwa mgongo, shuka kama anayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, ubaki hapo. Lengo ni dakika mbili, pumzika mbili, rudia mara nne, siku tatu kwa wiki. Usianze na dakika mbili; anza na sekunde 20 au 30, na kwa magoti yako usishuke sana, robo ya njia inatosha. Likizidisha maumivu liache. Kosa la kawaida ni kubana pumzi, na pumzi ikibanwa presha inaruka hapohapo. Hesabu kwa sauti, hutaweza kuibana.

Ndimu na kitunguu saumu havina ubaya, ila usivitegemee kwa kazi hii.

Chumvi sasa, maana ndiyo imeleta vita. Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo kuna ile ya mkate, ya maandazi na ya mboga unayokula mchana kwa mama ntilie. Hakuna aliyekwambia iwe sifuri. Umetoka kwenye chumvi ya kawaida ukaenda sifuri kwa siku moja, na ulimi wa nyumba nzima umekataa. Ungekataa hata wa kwako kama usingekuwa na hofu inayokusukuma. Ukipunguza robo, ukakaa wiki mbili, ukapunguza robo nyingine, walaji wengi hawagundui, na baada ya wiki chache ile ya zamani ndiyo inaonekana kali. Pengo hilo lizibe kwa ndimu, tangawizi, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikabadilika rangi, nyanya za kutosha, giligilani. Unga wa viungo vya mchuzi wa pakiti usiutumie kuziba, mwingi wake ni chumvi iliyopakwa rangi.

Kama unataka kujua nyumba yako inatumia kiasi gani bila kugombana na mtu, nunua pakiti ya nusu kilo na uandike tarehe juu yake kwa kalamu. Watu watano kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti hiyo inapaswa kufika siku 20 hata kama wote mnakula milo yote nyumbani. Nyinyi mchana mmetawanyika, kwa hiyo ingefaa ikaribie mwezi. Ikiisha siku ya kumi, pakiti yenyewe imeshasema.

Na magadi. Wengi huku kwetu hawayahesabu kwa sababu hayana ladha ya chumvi, lakini kinachosumbua presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi ni sodiamu vilevile. Mengi pia yana floridi, na Arusha na Kilimanjaro tunaijua floridi kwa meno ya kahawia. Maharage yakilowekwa tangu jioni, kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, maji yale yakamwagwa, yanaiva bila magadi na gesi inayotumika ni kidogo. Mahindi ya makande nayo hulowekwa hivyohivyo. Ndizi zenyewe usizifanyie ubaya. Mtori, machalari na kiburu vina potasiamu, ambayo huisaidia presha kushuka. Kinachoviharibu ni kile tunachoongeza juu. Tahadhari moja: kama figo hazifanyi kazi sawasawa, potasiamu nyingi ni hatari. Kwa hiyo omba upimwe figo na mkojo, pamoja na sukari na mafuta ya damu, kama havijapimwa. Hivyo ndivyo pia vitakavyomwambia daktari kama unaweza kusubiri zaidi au la.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu ni mepesi. Gumu liko mezani kwako.

Unasema mama mkwe anakataa chakula kisicho na chumvi. Inawezekana. Naomba uwaze pia upande huu: mwanamke aliyepika kwake Marangu miaka yote, ameteremshwa mjini akiwa na miguu inayovimba, siku moja anaona mkamwana amebadilisha chakula cha nyumba nzima bila neno. Hajui kuna ugonjwa. Angefikiri nini? Huenda anachotetea ni nafasi yake jikoni zaidi ya magadi. Na mume wako, weka pembeni maumivu ya lile swali lake, ambalo kweli linachoma. Yeye anaona mkewe anatoka gizani kila siku, anakonda, na jibu alilopewa ni "kidogo tu". Hasira yake siitetei. Nasema tu umemwachia nafasi tupu naye ameijaza na alichokuwa nacho.

Kwa hiyo njia ya kwanza ni kusema. Si kwa wote, wala si siku moja. Unaweza kuanza na mume, kwa namba badala ya malalamiko: "Nilipimwa ikawa 152/96. Nina wiki tatu kabla ya kurudi. Nilikwambia kidogo kwa sababu niliogopa. Ninaomba twende wote." Kwenda wote kunafaa kwa jambo jingine: naye apimwe, maana mla mbuzi choma wa kuchovya kwenye chumvi na pilipili kila jioni hana kinga. Hatari ipo. Anaweza kukasirika kwamba ulimficha, au akalipuuza, au akaenda kumwambia mama yake kabla yako. Wewe ndiye unayemjua, upime kama utamwomba kwanza jambo libaki kati yenu.

Mama mkwe ni uamuzi mwingine. Hofu yako ya ukoo siidharau, kwenye koo zetu habari hupanda mlima upesi kuliko Hiace. Lakini linganisha habari mbili zinazoweza kupanda: kwamba una presha, kama ilivyo kwa watu wengi wa umri wenu, au ile inayonong'onwa kwenye jumuiya sasa hivi. Hujaificha habari, umeiacha itungwe na wengine. Hata hivyo, kama unaona hawezi kubeba siri na hilo litakuumiza zaidi, una haki ya kunyamaza, na bado unaweza kumsogelea kwa mlango wake. Miguu inayovimba inahitaji kuangaliwa, kwani chanzo chaweza kuwa moyo, figo, mishipa, au dawa anayotumia. Mkipima presha yake asubuhi kwenye kiti kilekile mnachotumia wewe na mumeo, mashine inakuwa ya nyumba. Ila usimfanyie kama mtego. Akikutwa ana namba kubwa atatishika, na utapaswa kuwa naye.

Unaweza pia kumpa sufuria. "Mama, naomba Jumamosi utupikie kiburu, maharage nimeshayaloweka." Anabaki mwenye jiko, magadi yanabaki kabatini. Inaweza isifanikiwe mara ya kwanza.

Sufuria mbili ni njia ya kweli, nami siipingi. Inakupa chakula chako leo bila mkutano na mtu. Gharama yake ni gesi, saa nyingine moja ya jioni usiyokuwa nayo, na watoto kujifunza kwamba kuna chakula cha watu na chakula cha mama mgonjwa. Kuna nusu ya njia hiyo: pika sufuria moja yenye chumvi kidogo, pakua chako, ndipo wao waongeze. Shida yake ni kwamba wao wanabaki palepale, na mkono unaoongeza mwishoni ukikosa kipimo huongeza sana. Kijiko kidogo ndani ya kopo la chumvi husaidia kuliko kumimina kutoka kwenye pakiti.

Na njia ya vidonge. Umeiandika kama mtu anayenyanyua mikono, ndiyo maana nataka uiangalie upya. Kidonge na kupunguza chumvi havishindani. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyepunguza chumvi na uzito. Kwamba "hutoki tena": dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake, ila presha kwa kawaida hurudi ukiziacha, kwa sababu zilikuwa zinaizuia. Wapo wanaopunguziwa dozi baada ya kupungua uzito, kwa uamuzi wa daktari na si wao wenyewe. Zina maudhi yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, nyingine huleta kikohozi kikavu, na nyingine hazifai kabisa kwa mama mjamzito, kwa hiyo kama mimba bado inawezekana liseme. Kuchelewa kuanza wakati vipimo vya nyumbani vimebaki juu nako kuna gharama, na inalipwa na mishipa, moyo na figo bila kukuuliza. Usimeze za jirani wala za mama mkwe.

Ipi kati ya hizi ni yako, siwezi kukuchagulia nikiwa nje ya nyumba. Unaweza ukajikuta umechukua kipande cha kila moja. Ninachoomba ni usiamue wiki hii, ukiwa umelala saa nne na nusu na kidonge cha goti kikiwa bado kinaendelea. Ongea kwanza na kliniki au mfamasia kuhusu hicho kidonge, rudisha usingizi, kisha ndipo upime zile siku saba. Muda unatosha.

Kusubiri huko kuna mpaka. Ukiona 180/120 au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo, tafuta huduma siku hiyohiyo. Ikija na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kufifia, kichwa kikali cha ghafla, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, usipime tena wala usisubiri asubuhi. Mwamshe mume wako, hata kama mmenuniana, mwende hospitali.

Siku ya kliniki nenda na daftari la vipimo, pakiti ya hicho kidonge cha magoti, na mashine uliyotumia kupimia. Waombe waipime sambamba na ya kwao, mkono uleule, ujue inakudanganya kwa kiasi gani.